Natakiwa kupunguza vitabu vya mapishi: nigawe, niuze au nibaki navyo vyote?

Chumvi Kiasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naombeni akili zenu.

Tunahamia nyumba ndogo kuliko hii. Fanicha tumeshagawana na ndugu bila shida, nguo nazo zimepungua. Kinachoniumiza kichwa ni vitabu vya mapishi. Vimejaa rafu za sebuleni, vingine viko juu ya kabati la jikoni, na boksi zima liko chini ya kitanda. Sehemu nimenunua mwenyewe, sehemu ni zawadi, na sehemu ni vya marehemu shangazi yangu. Aliniachia mimi kwa sababu wanawe hawakuvitaka wakati ule.

Mume wangu anasema kila kitu kipo kwenye simu. Si mtu mbaya, ila yeye jikoni anaingia kuuliza tu kama tayari.

Nimeshapewa ule ushauri wa "ambacho hujakigusa mwaka mzima, kitoe". Kwangu haufai. Kitabu cha mapishi ya sherehe hakiguswi mpaka kuwe na sherehe, na kile ninachokipenda kuliko vyote sikipikii kabisa, nakisoma kitandani.

Nichague kwa kigezo gani? Vya kutoa viende wapi? Na vya shangazi nivifanyeje? Tafadhali msiniambie "fuata moyo wako". Moyo wangu unavitaka vyote.

Baba Sahani

Toa vyote mama. Simu ipo. Uzi ufungwe.

Mwiko Mrefu

Baba Sahani, wewe hata chai unachemshiwa, kaa pembeni.

Dada Chumvi, hoja ya simu usiitupe yote, ina ukweli nusu. Ukitaka kujua kuku wa uzito fulani akae kwenye oveni muda gani, simu inakujibu kabla hujakifikia kitabu. Kwa hiyo vile vitabu vinene vya "mapishi elfu na zaidi" ndivyo vinavyozidiwa na simu. Kama unavyo kadhaa, ujue vinarudia yaleyale. Bakiza kimoja, chenye faharasa nzuri. Watu wananunua kitabu kwa picha ya jalada na hawafungui kurasa za mwisho. Una bilinganya zinakaribia kuharibika: kitabu kinachokuonyesha kurasa zote zenye bilinganya ni chombo cha kazi. Kile kinachopanga vyakula kwa majina ya kishairi aliyoyabuni mwandishi utakifunga na kurudi kwenye simu.

Simu inazidiwa kwenye vitabu vinavyoeleza sababu. Kwa nini nyama ipumzike kabla ya kukatwa, kwa nini unga wa mkate unakandwa lakini wa keki haukandwi, kwa nini kitunguu kitiwe kabla ya kitunguu saumu. Mtu aliyekaa na somo miaka, akalipanga kutoka rahisi kwenda gumu, humpati kwa kutafuta jina la chakula. Pia ukurasa wa mtandaoni unaweza kufutwa au kubadilishwa usiku mmoja. Kitabu ulichokipikia jana kitasema vilevile kesho.

Lakini hata hivyo vya kufundisha vina mwisho wake. Mimi kitabu kilichonifundisha mkate nimeshakigawa, kwa sababu mkate sasa uko mkononi. Nilimpa kijana anayeanza, na kina kazi kwake kuliko kwangu.

Kijana wa Sinki

Hapo kwenye kugawa kitabu kilichokufundisha tumeachana mkuu. Hicho ndicho cha kuzikwa nacho.

Mwiko Mrefu

Kaburi lenyewe dogo, ndugu yangu.

Mkutubi Mstaafu

Nimefanya kazi maktaba na kwenye vitabu kuukuu, ngoja nizungumzie kuuza, maana hapo ndipo watu wanaota sana.

Vitabu vingi vya mapishi havina bei. Kitabu cha mpishi maarufu wa televisheni kilichapwa kwa wingi, kila nyumba ilizawadiwa, na sasa kila nyumba inakitoa. Mnunuzi wa vitabu kuukuu atakikataa kwa upole. Usipoteze wiki nzima kupiga picha vya aina hiyo, gawa.

Vyenye bei huwa ni vile ambavyo wakati vinatoka hakuna aliyevitarajia makubwa. Fannie Farmer, mwalimu wa shule ya upishi ya Boston, Marekani, alipotoa kitabu chake mwaka 1896, mchapishaji hakuwa na imani nacho, akataka mwandishi alipie mwenyewe nakala 3,000 za kwanza. Kikaja kuuzwa miongo na miongo. Irma Rombauer naye mwaka 1931, mjane wa St. Louis, alilipa mfukoni mwake kuchapa nakala 3,000 za kitabu chake cha mapishi, Joy of Cooking. Hizo nakala za mwanzo ndizo wakusanyaji wanazihangaikia. Matoleo ya baadaye ya kitabu hichohicho yako kila mahali.

Kwa hiyo kabla ya kuuza tazama ukurasa wa haki, nyuma ya ukurasa wa jina. Angalia mwaka, na kama kimeandikwa ni toleo la ngapi. Kama hakina namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, huenda ni cha kabla ya miaka ya 1970, japo vile vilivyochapwa na vikundi vidogo mara nyingi havina namba hadi leo. Koti la karatasi la nje likiwepo, usilitupe hata kama limechanika. Kwa vitabu vya karne iliyopita, koti linaweza kuwa na thamani kuliko kitabu chenyewe.

Halafu kuna vile vijitabu vibaya vibaya: vimebanwa kwa springi ya plastiki au stepla, vimetolewa na kikundi cha wanawake, shule, kanisa au timu fulani ili kuchangisha fedha, kila pishi na jina la aliyelitoa. Ndivyo watu wanavyovitupa kwanza. Mimi nasema viache mwisho. Vilichapwa vichache, havikuingia maktaba, na vinaonyesha watu wa kawaida walikula nini mwaka fulani mahali fulani, jambo ambalo kitabu cha mpishi mkubwa hakikuonyeshi. Maktaba za utafiti zinavitafuta. Maktaba ya Schlesinger pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ina hazina kubwa sana ya vitabu vya mapishi, na wanahistoria wanaitumia kuandika historia ya wanawake. Kama unavyo, ulizia maktaba ya chuo au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu na kilikotoka kijitabu. Uliza kwanza, usibebe maboksi ukayaacha mlangoni. Tulikuwa tunayachukia hayo maboksi.

Chumvi Kiasi

Mkutubi ahsante sana. Vya springi ninavyo! Nilikuwa nimeshaviweka upande wa kutupa.

Swali: vina madoa ya mafuta na shangazi ameandika ndani. Hiyo si inaharibu?

Mkutubi Mstaafu

Kwa mnunuzi wa nakala safi, inashusha. Kwa hifadhi ya nyaraka, maandishi ya mpishi pembezoni mara nyingi ndiyo wanayoyataka. Doa la mafuta halina neno. Wasichokubali ni ukungu hai na wadudu. Kikinuka uvundo, kiweke kwenye mfuko peke yake, mbali na vingine. Ukiona vidudu, kifunge vizuri kwenye plastiki ukigandishe wiki nzima kwenye friza, kisha kiache kirudi joto la kawaida kabla hujafungua mfuko.

Na vile vya juu ya kabati la jikoni vishushe leo. Mvuke na mafuta yanapanda huko. Unyevu ukizidi asilimia 65 hivi, ukungu una nafasi.

Unga Mkavu

Naongeza la vipimo kwa wanaooka, maana hapa ndipo kitabu kizuri kinaonekana kibaya.

Kabla hujasema "kitabu hiki hakina maana, keki zake hazitoki", angalia kilichapwa wapi. Kikombe cha Marekani ni mililita 237 hivi, cha Australia ni 250. Kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20, sehemu nyingi nyingine ni 15. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Ukisoma "painti moja ya maziwa" kwenye kitabu cha Uingereza ukapima ya Marekani, umepunguza karibu mililita 95. Hapo pishi halina kosa.

Oveni nayo: vitabu vya zamani vya Uingereza vinasema Gas Mark 4, yaani namba ya moto kwenye oveni ya gesi, ambayo ni kama nyuzi 180 za Selsiasi, Gas Mark 6 ni 200. Oveni yenye feni unapunguza kama nyuzi 20.

Kwa kigezo cha kuchagua: kwenye kuoka, mimi nabakiza vinavyopima kwa gramu. Kikombe cha unga hutofautiana na mkono wa aliyechota, gramu hazibembelezwi. Vya vikombe nimebakiza vile tu ambavyo tayari nimeandika gramu zangu kwa penseli. Vingine vyote niligawa, na ndani ya jalada niliandika "vipimo vya nchi fulani", ili atakayepokea asimlaumu mwandishi.

Huyo Fannie Farmer aliyetajwa na Mkutubi ndiye aliyewazoesha Wamarekani kikombe kilichokatwa sawa juu kwa kisu. Kabla yake waandishi wengi walikuwa wanaandika siagi "kiasi cha yai". Kwa hiyo ukiwa na kitabu cha kabla ya 1900, hicho ni cha kusoma. Kukipikia ni ugomvi.

Kijana wa Sinki

Siagi kiasi cha yai la nani? La kuku au la mbuni?

Mama Chupa

Jamani kabla hajagawa, kuna kundi moja la kuchambua kwa macho makali: vitabu vya kusindika na kuhifadhi chakula kwenye chupa. Jamu, nyanya, maharage, nyama.

Hapa uzee wa kitabu si urembo. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum ana mbegu zinazostahimili maji yanayochemka. Ndani ya chupa iliyofungwa hakuna hewa, na kama chakula hakina uchachu wa kutosha, yaani pH iko juu ya 4.6, mbegu zinaamka na kutoa sumu inayopooza misuli. Chakula kinaweza kisinuke wala kubadilika rangi. Maharage, mahindi, nyama na samaki vinahitaji sufuria maalum ya presha ya kusindikia, inayofikisha nyuzi 116 hadi 121. Vitabu vya zamani vinakwambia uchemshe tu saa kadhaa kwenye maji. Haitoshi.

Nyanya ndizo zinawadanganya wengi. Zinaonekana chachu, kumbe zinacheza karibu na mpaka. Wizara ya kilimo ya Marekani sasa inaelekeza kutia vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau ya chupa kwa kila chupa ya karibu lita moja. Vitabu vingi vya nyuma havina maelekezo hayo. Vilevile kuziba jamu kwa nta iliyoyeyushwa haishauriwi tena, ukungu unapenya pembeni.

Dada, ukimpa binti anayeanza maisha kitabu cha namna hiyo kama zawadi, hujampa zawadi. Ukikitaka kwa historia yake, baki nacho na uandike kwenye jalada kwa herufi kubwa: KWA KUSOMA TU.

Baba Sahani

Bibi zetu walichemsha hivyohivyo na wakazeeka. Siku hizi kila kitu kinaua.

Mama Chupa

Waliozeeka ndio tuliobahatika kuwajua, Baba Sahani. Walioondoka mapema hawapo hapa kuchangia uzi.

Na si kweli kwamba kila kipya kinakaza masharti. Kwa vipande vizima vya nyama ya nguruwe, wizara hiyohiyo ilishusha joto la ndani mwaka 2011 kutoka nyuzi 71 hadi 63, pamoja na dakika tatu za kupumzika. Vitabu vya zamani vilikuwa vinawakausha watu nyama bure. Ninachosema ni kwamba maelekezo ya usalama yana tarehe, uangalie tarehe.

Chumvi Kiasi

Mama Chupa nimetoka mbio kwenda kwenye boksi. Kipo, tena shangazi amekiwekea alama kwenye ukurasa wa nyanya. Kinabaki kwangu na maandishi makubwa kama ulivyosema.

Sasa jambo ambalo sikulisema mwanzo. Binamu zangu, wale wana wa shangazi, wamesikia nagawa. Sasa wanavitaka. Si vyote, wanavitaka "vile alivyoandika mama". Na ndivyo mimi nilivyotaka nibaki navyo. Miaka yote hii nimevitunza mimi na nimevipikia.

Daftari la Bibi

Pole dada. Hili si la vitabu tena, ni la mirathi, ila bado lina njia.

Kwanza, msigawane kitabu kimoja kwa kurasa. Nimeona familia inachana kitabu ili kila mmoja apate mwandiko. Kila mtu akabaki na karatasi isiyo na kichwa wala miguu.

Pili, piga picha kila ukurasa wenye mwandiko, na ukurasa uliotangulia, ili ijulikane maandishi yanahusu pishi gani. "Punguza, alilalamika" haina maana bila kuona ni kitu gani kilipunguzwa. Tumia mwanga wa dirishani, zima taa ya simu, weka kitabu kwenye mto ili mgongo usivunjike. Picha uzipe majina yenye jina la kitabu na namba ya ukurasa, vinginevyo zitazama katikati ya picha za harusi. Usigandishe ukurasa uliochanika kwa selotepu, gundi yake inageuka njano na kula karatasi. Usiufunike kwa plastiki ya moto. Karatasi nyingi za tangu katikati ya karne ya 19 zimetokana na rojo la mbao na zina tindikali, zinakauka na kukatika zenyewe, usizisaidie.

Tatu, baada ya hapo wape binamu vitabu vyenyewe, vile ambavyo wanavikumbuka kwa majina. Najua inauma. Lakini wewe ulichokuwa unakitumia ni maelekezo yake, na hayo unayo. Wao wanatafuta mwandiko wa mama yao. Hitaji lao haliponi kwa picha, lako linapona.

Mwiko Mrefu

Napinga nusu. Aliyevitunza ana haki yake. Walivikataa mbele za watu, leo vina maana kwa sababu mwingine aliona maana kwanza? Awape wachague kimoja kimoja, vinavyobaki ni vyake, na asiombwe radhi wala yeye asiombe.

Daftari la Bibi

Kimoja kimoja naafiki. Mtu aliyefiwa na mama akiwa kijana mara nyingi havitaki vitu vya jikoni, anavitaka baadaye. Tusimhesabie.

Kijana wa Sinki

Kwa nini usipige picha vitabu VYOTE, ukatengeneza PDF, ukamrushia kila mtu humu, vitabu ukagawa? Kila mtu anafurahi.

Mkutubi Mstaafu

Mwandishi hafurahi. Nakala ya kitabu kizima kumrushia kila mtu ni kuvunja haki yake. Orodha tupu ya viungo na vipimo kwa sheria za Marekani, kwa mfano, haina ulinzi wa hakimiliki, lakini maelezo aliyoyaandika, hadithi zake na picha zake zinalindwa. Kunakili pishi moja kwenye daftari lako kwa mkono wako ni jambo jingine kabisa, watu wamefanya hivyo tangu kuwe na madaftari.

Na niseme ukweli kuhusu hizo picha za "nitahifadhi kabla ya kugawa": kwa mwandiko wa marehemu, piga. Kwa mapishi ya kawaida, hutazifungua kamwe. Kama kuna pishi unalolitaka kweli kwenye kitabu unachotoa, lipike wiki hii. Likikupendeza, andika kwenye daftari. Kama huna hamu hata ya kulipika mara moja, umeshapata jibu.

Kwa vile utakavyobakiza, kuna tovuti inaitwa Eat Your Books, inaorodhesha mapishi yaliyomo ndani ya vitabu bila kuyanakili. Unatia vitabu vyako, unaandika "bilinganya", inakwambia kitabu gani. Nimeona watu waliokuwa wanataka kugawa wakaghairi baada ya kugundua walichonacho.

Mwiko Mrefu

Mkutubi, unamsaidia apunguze au aongeze?

Chumvi Kiasi

Wakuu, narudisha mrejesho.

Vinene vya elfu moja kimebaki kimoja, chenye faharasa. Vya mitindo ya kupunguza mwili vimeondoka vyote bila machozi. Kila kimoja kinakataza alichoruhusu mwenzake, na karibu vyote nilizawadiwa na mtu mmoja, nimemwelewa. Vya televisheni vimeondoka, isipokuwa kimoja kilichoandikwa ndani na rafiki yangu. Hicho ni barua yenye mapishi, kwa hiyo nimekiweka na barua.

Nilijaribu kigezo cha "nilichoandika ndani kinabaki, kisafi kinatoka". Kikafanya kazi kwa vingi, kikagoma kwa kile cha kusoma kitandani, ambacho ni kisafi kama kilivyotoka dukani. Nimekihamishia rafu ya riwaya. Kumbe kilikuwa kinanisumbua kwa sababu nilikipima kama chombo cha jikoni.

Vya springi nimeuliza chuo, wamejibu wanavitaka viwili na wameomba niandike vilitoka kikundi gani. Vinavyobaki nimevirudisha rafuni.

Binamu walikuja. Tulikaa chini tukachagua kwa zamu, mkubwa kwanza. Alichukua kile ambacho mimi nilidhani hakina kitu, kina mstari mmoja tu wa mwandiko, kuhusu keki ya siku yake ya kuzaliwa. Mdogo akachukua cha supu, ambacho nilikuwa nakitaka sana. Nikamwachia, nina picha. Kile cha nyanya hakuna aliyekigusa.

Bado nina rundo moja ambalo sijui. Ni vya lugha nisiyoisoma, picha nzuri mno. Msinishauri, nataka nibaki na ujinga mmoja.

Baba Sahani

Mama hongera. Sasa hivyo ulivyobakiza ndio vitapikiwa, au?

Chumvi Kiasi

Uje na mwiko wako, Baba Sahani.

Unga Mkavu

Vya kuoka ulivyotoa vimeshapata mtu? Nina mwanafunzi ninayemfundisha.

Chumvi Kiasi

Vipo, njoo inboksi. Kimoja ni cha Australia, nimeandika ndani ya jalada kijiko ni mililita 20. Kingine kinapima kwa vikombe na sijui ni vya wapi, koti halina, ukurasa wa haki umechanika. Hicho mjaribishie pishi la kwanza wewe kabla hujamkabidhi.

Unga Mkavu

Nitumie picha ya ukurasa wowote wa keki. Nikiona unga na mayai yake nitajua.